Huduma Inayotambua Kiwewe: Somo kwa Wahudumu wa Kesho na Wakazi wa Thika na Ruiru

Mkazi wa Thika au Ruiru anayefika hospitalini huenda akapokelewa na mwanafunzi. Mji wa Thika una chuo cha mafunzo ya matibabu cha KMTC pamoja na Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na wanafunzi wa uuguzi, matibabu na ushauri nasaha hujifunza kazi katika wodi na kliniki za umma kabla ya kuhitimu. Wenzao wanaosomea ustawi wa jamii hupelekwa katika ofisi za watoto, makao ya watoto na vituo vya ushauri. Ndio watakaowahudumia wakazi kwa miaka 30 au 40 ijayo.

Wanafunzi hawa hufundishwa kupima presha, kudunga sindano, kufunga vidonda na kujaza faili. Kuna somo jingine ambalo vyuo vingi duniani vimeanza kulipa uzito: jinsi ya kumhudumia mtu aliyepitia jambo la kutisha bila kumwongezea maumivu. Somo hili huitwa huduma inayotambua kiwewe.

Umuhimu wake huonekana mlangoni. Neno la kwanza analoambiwa mgonjwa linaweza kuamua kama atabaki kwenye foleni au ataondoka. Kwa mtu aliyebakwa, kuondoka huko kunaweza kumfanya apitwe na saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU. Kwa mama aliyetukanwa alipojifungua mtoto wa kwanza, woga wa kurudi unaweza kumfanya ajifungulie mtoto wa pili nyumbani, mbali na damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji.

KIWEWE NI NINI

Kiwewe ni jeraha linalobaki katika akili na mwili baada ya tukio lililomzidi mtu nguvu: ajali, ubakaji, kipigo cha nyumbani, kifo cha ghafla, moto, kufukuzwa kwenye makazi, au utoto uliojaa hofu. Mwili ukihisi hatari, homoni kama adrenalini humwagika katika damu. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na mtu hupigana, hukimbia au huganda. Hiyo ni kinga ya asili, nayo huokoa maisha.

Tatizo huja pale king'ora hicho kinapoendelea kulia hata baada ya hatari kupita. Waswahili walilisema jambo hili zamani: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wa hospitalini unaweza kuwa mlango unaofungwa kwa kishindo, harufu ya dawa, mkono unaogusa shingo bila taarifa, au sauti ya kufoka. Mgonjwa mwenyewe huenda asijue kwa nini anatetemeka.

Si kila aliyepatwa na mkasa hubaki na kiwewe. Watu wengi hupata nafuu kadiri siku zinavyopita, hasa wakizungukwa na jamaa na marafiki wanaowajali. Kwa wengine dalili hudumu: ndoto mbaya, kukosa usingizi, kushtuka ovyo, hasira za ghafla, kukwepa mahali au watu fulani, au kukosa hisia kabisa. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huu katika kitabu chake cha utambuzi wa maradhi ya akili, na tangu hapo umetambuliwa kuwa ugonjwa unaotibika.

Mwanafunzi asiyejua haya hukosea kusoma dalili. Anayeganda na kunyamaza huitwa mkaidi. Anayefoka huitwa mkorofi. Anayekosa kliniki mara tatu huitwa mzembe. Kumbukumbu za mtu aliyeogopa sana pia huweza kukatikakatika, hivyo anayesimulia tukio bila mpangilio huitwa mwongo. Somo linaanza kwa kubadilisha swali moja. Badala ya "Kwani wewe una nini?" mhudumu hujifunza kujiuliza, "Mtu huyu amepitia nini?"

KWA NINI SOMO HILI LINAHITAJIKA HAPA

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Kenya uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 waliyoyapitia kabla ya kufikisha miaka 18. Wasichana 15.6 kwa kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono, na wavulana 6.4 kwa kila 100. Ukatili wa kimwili uliwapata wasichana karibu 39 na wavulana karibu 52 kwa kila 100. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 nao ulionyesha kuwa wanawake 34 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15.

Maana yake ni rahisi kuona. Katika wodi yenye vitanda 30, mwanafunzi anaweza kutarajia kwamba wagonjwa kadhaa wamebeba jambo ambalo halijaandikwa popote katika faili.

Historia ya eneo hili nayo ina uzito wake. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia mwaka 1954 familia nyingi za Kiambu zilihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na askari. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati huo leo ni shosho au guka wa miaka 80 na zaidi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 waliodhulumiwa katika kipindi hicho. Baadaye yakaja mlipuko wa bomu wa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizowaondoa watu katika makazi yao. Ongeza ajali za barabara kuu ya Thika, ambayo wakazi wa Ruiru na Thika huipita kila siku kwa matatu, kwa bodaboda na kwa miguu.

Uhusiano kati ya mateso ya utotoni na magonjwa ya ukubwani umechunguzwa pia. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa San Diego, Marekani, kwa watu wazima 9,508. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia angalau aina moja ya mateso walipokuwa watoto. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa katika hatari ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, mfadhaiko na majaribio ya kujiua, mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia lolote. Hivyo mgonjwa anayekunywa pombe kupita kiasi anaweza kuwa na chanzo cha shida yake nyuma sana, nayo haiponyeshwi kwa karipio.

FUNZO LILILOTOKA KIAMBU NA KAUNTI JIRANI

Kati ya mwaka 2011 na 2014 ulifanyika nchini mradi uliopewa jina la Heshima. Ulichunguza jinsi akina mama wanavyotendewa wanapojifungua, katika vituo 13 vya afya vya kaunti tano: Kiambu, Nairobi, Nyandarua, Kisumu na Uasin Gishu. Akina mama 641 waliulizwa walipokuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani. Ishirini kwa kila 100 walisema walidhulumiwa au kukosewa heshima kwa namna fulani. Lililotajwa zaidi lilikuwa kuvunjiwa utu, kama vile kutukanwa au kudharauliwa, lililowapata 18 kwa kila 100. Kupuuzwa au kuachwa peke yao kuliwapata zaidi ya 14 kwa kila 100. Wengine walitaja kukosa faragha, kupigwa, kufanyiwa jambo bila idhini, au kuzuiliwa kwa sababu ya deni.

Mradi haukuishia kulaumu. Wahudumu walifunzwa kutafakari mitazamo yao wenyewe, wakapewa ushauri nasaha kwa sababu nao walikuwa wamechoka na kuumia, na wananchi wakaalikwa kuzitembelea wodi za uzazi katika siku maalumu. Malalamiko yalisuluhishwa kwa mazungumzo kati ya jamii na kituo. Baada ya hatua hizo, idadi ya waliosema wamedhulumiwa ilishuka kutoka 20 hadi 13 kwa kila 100.

Funzo la kwanza ni kwamba tabia ya wodini hubadilika ikifundishwa na kusimamiwa. La pili ni kwamba mhudumu asiyetunzwa hawezi kutunza wengine kwa muda mrefu.

MAMBO MANNE YA KUFUNDISHA

Mwaka 2014 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili na uraibu ilitoa mwongozo ambao umetumiwa na vyuo katika nchi nyingi. Unamtaka mhudumu afanye mambo manne: aelewe kwamba kiwewe kimeenea, atambue dalili zake kwa wagonjwa, kwa jamaa zao na kwa wahudumu wenyewe, abadilishe utendaji wake kulingana na ufahamu huo, na ajihadhari asimtoneshe mtu kidonda.

Mwongozo huo unataja pia misingi sita: usalama, uaminifu na uwazi, msaada wa watu waliopitia hali kama hiyo, kushirikiana, kumpa mtu sauti na uchaguzi, na kuzingatia utamaduni, historia na jinsia.

Walimu wengi hulifafanua jambo hili kwa mfano wa glavu. Muuguzi huvaa glavu kwa kila mgonjwa bila kuuliza nani ana virusi. Vivyo hivyo, mhudumu huzungumza kwa upole, hueleza anachofanya na huomba ruhusa kwa kila mtu, bila kuhitaji kujua nani alibakwa au nani alipigwa. Huduma hii si upelelezi. Mgonjwa halazimiki kusimulia chochote ndipo atendewe utu.

MANENO YA KAZI

Wanafunzi hujifunza vizuri zaidi wakifanya mazoezi ya kuigiza wawili wawili, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine mhudumu, kisha wakibadilishana. Ifuatayo ni mifano ya kufanyia mazoezi.

Mama anapimwa njia ya uzazi. Badala ya "Panua miguu haraka, kuna wengine wanangoja," mwanafunzi husema: "Mama, naitwa fulani, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi na msimamizi wangu yuko hapa. Nataka kupima njia imefunguka kiasi gani. Ukitaka nisimame, sema tu, nitasimama. Niendelee?" Pazia hufungwa kwanza. Mama akisema simama, mwanafunzi husimama kweli. Ahadi isiyotimizwa ni mbaya kuliko kutotoa ahadi.

Shosho anashtuka akiguswa. Badala ya kumshika mkono kwa nguvu: "Shosho, nitafunga kitambaa hiki kwenye mkono nikupime presha. Kitabana kidogo halafu kitaachia. Tutumie mkono upi?" Kuchagua mkono ni jambo dogo, lakini humrudishia mtu uwezo wa kuamua kuhusu mwili wake.

Kijana wa bodaboda ameletwa baada ya ajali, anafoka na hataki nguo zake zikatwe. Mwanafunzi husogea anapoonekana, huongea taratibu na kwa sentensi fupi: "Uko hospitalini. Ajali imeisha. Nataka kuona kama mguu unatoka damu. Nitakata suruali hapa chini ya goti peke yake." Maisha yakiwa hatarini, matibabu hayangoji mazungumzo marefu, lakini hata hapo mtu huendelea kuelezwa kinachofanyika.

Mtoto ameletwa katika ofisi ya watoto. Huenda tayari amesimulia mkasa wake kwa mwalimu, kwa polisi na kwa daktari. Kila anapoulizwa upya, huuishi upya. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii hujifunza kusoma kwanza kilichokwisha kuandikwa, kuuliza tu kinachokosekana, na kutomwahidi mtoto siri asiyoweza kuitunza. Husema: "Ulichoniambia nitawaeleza watu wanaoweza kukulinda, na nitakuambia ni akina nani."

Mtu yuko katika mshtuko mara baada ya mkasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unafupishwa kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama kuna hatari na nani anahitaji msaada wa haraka. Sikiliza bila kumlazimisha mtu aeleze. Unganisha na jamaa, chakula, malazi au mtaalamu.

HATARI ZA DARASANI

Mwanafunzi ni mkazi kama wengine. Takwimu za ukatili zilizotajwa juu zinamhusu yeye pia. Kwa sababu hiyo mwalimu hatakiwi kumwomba mwanafunzi asimulie mkasa wake mbele ya wenzake, wala kuonyesha picha na video za kutisha kwa nia ya kuwafunza uvumilivu. Mada nzito hutangazwa mapema. Mwanafunzi anayehitaji kutoka nje hutoka bila kuulizwa mbele ya darasa, na kila mmoja huelezwa mahali pa kupata ushauri nasaha chuoni.

Wodini nako, mwanafunzi aliyeshuhudia kifo cha mtoto kwa mara ya kwanza hafai kurudishwa kazini kama kwamba hakuna kilichotokea. Dakika 10 na msimamizi mwisho wa zamu, kwa maswali ya "Umeona nini, umekosa usingizi, nani yuko nawe nyumbani?" zinaweza kumsaidia abaki katika taaluma hii.

JE, KUNA MUDA WA HAYA YOTE?

Muuguzi mwenye wagonjwa wengi kuliko uwezo wake ana haki ya kuuliza hivyo. Jibu lina pande mbili. Upande mmoja, kujitambulisha na kuomba ruhusa huchukua sekunde chache, na mgonjwa aliyetulia huhudumiwa haraka kuliko anayepambana. Upande wa pili, maneno mazuri hayazibi pengo la vifaa wala la wahudumu. Pazia lililochanika, chumba kisicho na mlango na zamu ndefu kupita kiasi pia humtonesha mgonjwa. Somo hili linamwajibisha mwanafunzi, na linawawajibisha pia wanaosimamia vituo.

SHERIA INASEMA NINI

Kifungu cha 28 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, na Kifungu cha 43 haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ni ya mwaka 2006, Sheria ya Watoto ni ya 2022, na Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022.

Kwa manusura wa ukatili wa kingono, mambo haya yafaa kujulikana na kila kaya:

• Nenda hospitalini kwanza. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi.
• Dawa za kuzuia VVU, zinazojulikana kama PEP, zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Mapema ni bora zaidi. Dawa za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120.
• Ikiwezekana, usioge kabla ya kuchunguzwa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hata aliyeoga au aliyechelewa bado anastahili kwenda.
• Huduma hizi hazilipiwi katika hospitali za umma. Hospitali hujaza fomu ya PRC. Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo na hujazwa na mhudumu wa afya anayeruhusiwa kisheria.

MKAZI ANAWEZA KUFANYA NINI

Mkazi ana haki ya kumuuliza mhudumu jina lake, kuuliza kama ni mwanafunzi, kuelezwa anachofanyiwa, na kuomba msimamizi awepo. Anaweza kusema, "Nisubiri kidogo, nimeogopa." Anayekosewa heshima anaweza kupeleka malalamiko kwa msimamizi wa kituo, akitaja siku, saa na wodi. Anayehudumiwa vizuri naye atoe shukrani. Mwanafunzi aliyesifiwa kwa upole wake hujua kwamba upole ni sehemu ya kazi.

Nyumbani na katika chama, jirani anaweza kusikiliza bila kuhukumu, kuepuka maneno kama "sahau tu" au "mwanaume halii", na kumsindikiza mtu hospitalini. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba wanaweza kuelekeza mahali pa kupata msaada. Simu ya watoto ni 116, na ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Zote mbili ni bure.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI AU BARAZANI

1. Taja tabia tatu za mgonjwa zinazochukuliwa kuwa ukaidi lakini zinaweza kuwa dalili za kiwewe.
2. Mama mjamzito anakataa kupimwa na mhudumu wa kiume, naye wa kike hayupo zamu. Mwanafunzi aseme nini, na amwite nani?
3. Katika kituo kilicho karibu nawe, ni jambo gani moja lisilohitaji fedha linaloweza kubadilishwa wiki hii ili wagonjwa wahisi salama?
4. Mradi wa Heshima uliwapa wahudumu ushauri nasaha. Kwa nini hatua hiyo inaweza kumsaidia mgonjwa?